Urukususu (mzizi mtamu): unatibu kweli, na ndiyo maana nusura umuondoe bimkubwa

Mwana wa Chumbageni:

Wakuu, heshima mbele. Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, mwenye mgonjwa wa presha au wa vidonda vya tumbo nyumbani avute kiti.

Kuna mzizi unauzwa kwenye maduka ya dawa za Kiarabu na kwa Wahindi wa viungo. Vijiti vya kahawia, nje vimekunjamana kama muhogo mkavu, ukivunja ndani ni njano. Ukikitafuna unaanza na ladha ya mti mtupu, halafu utamu unapanda taratibu na hauondoki, unang'ang'ania nyuma ya ulimi hata ukinywa maji. Pwani tunauita urukususu, wengine susu tu. Mwarabu anasema irki sus, yaani mzizi wa susi, na ukisikiliza vizuri ndilo neno letu hilohilo limevaa kanzu nyingine. Mhindi anauita mulethi, Mgujarati jethimadh. Kitaalamu ni Glycyrrhiza glabra, mmea wa jamii ya kunde, na hilo jina la Kigiriki maana yake ni "mzizi mtamu" basi.

Sasa kisa. Bimkubwa ana miaka 61, vidonda vya tumbo anavyo tangu mimi niko sekondari. Omeprazo, vidonge vya kupunguza asidi tumboni, amekunywa mpaka amechoka. Mwaka jana shoga yake wa kikoba akamwambia achana na vidonge vya hospitali, nenda kachukue urukususu, saga, changanya na asali, asubuhi mchana na jioni kijiko kimoja. Akaenda, akanunua nusu kilo ya unga, akaujaza kwenye kopo la maziwa ya unga.

Na ilifanya kazi! Hapa niwe mkweli, maana wengine wakisimulia visa kama hivi hukiruka kipande hiki. Ndani ya wiki moja kiungulia kikakata. Alikula pilipili kwenye mchuzi wa papa, kitu alichokiacha miaka. Akawa anapiga simu kwa dada zangu kuwahubiria.

Wiki ya tatu viatu vikaanza kumkataa, miguu imejaa. Akasema ni joto la Tanga. Ya tano ikaja na kichwa kuuma, na usiku misuli ya ndama inamkaza anapiga kelele. Tukampeleka zahanati moja, presha 180 kwa 105, na yeye hajawahi kuwa na presha maisha yake yote. Wakampa vidonge vya kukojoza, tukarudi. Siku nne baadaye aliishika birika ya chai kwa mikono miwili, ikamshinda kuinua. Akaniangalia tu. Birika ya lita moja na nusu jamani.

Hospitali kubwa wakampima damu: potasiamu 2.4, inapaswa kuwa kuanzia 3.5. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuwa kizuri. Watu wanaingia na kutoka, wanashauriana, kila mmoja anauliza anatumia dawa gani, na sisi tunataja zilezile za hospitali. Ni kijana mmoja wa mafunzo, bado ana chunusi usoni, aliyeuliza kitu tofauti: "Mama, unakula nini ambacho zamani ulikuwa huli?" Bimkubwa akajibu kwa fahari kabisa, "Urukususu mwanangu, umeniponya tumbo." Yule dogo akaondoka anakimbia.

Nitaendelea na sayansi yake, ngoja nile.

Jamaa wa Mbagala:

Nimekaa siti ya mbele. Usituache kama wale wa "itaendelea" ya 2014.

Tabibu Mtaa:

Mtoa mada nakuheshimu ila hapa unachafua dawa za asili. Urukususu ni dawa ya maelfu ya miaka. Wachina wanauita gan cao na wanautia karibu kila mchanganyiko wao. Wahindi nao wana yashtimadhu kwenye Ayurveda, tiba yao ya jadi. Vidonda vya tumbo, kikohozi, koo, makohozi, vyote unatibu. Vitu vya asili havina kemikali. Mama alikuwa na presha yake ya siri ikajitokeza tu.

Mwana wa Chumbageni:

Nimerudi. Tabibu, nusu ya maneno yako nakubaliana nayo na nimeshayaandika hapo juu. Nusu nyingine subiri.

Utamu wa mzizi ule unatokana na kitu kinaitwa glisirizini, kitamu karibu mara 50 kuliko sukari. Kikifika tumboni, bakteria wa utumbo wanakikata kinakuwa asidi ya glisiretini, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye damu na kufanya maajabu, mazuri na mabaya.

Alivyonieleza yule daktari kijana, nami nimesoma sana tangu siku ile: kwenye figo kuna mlango unaoamua chumvi ibaki mwilini au itoke. Mwenye ruhusa ya kuufungua ni homoni ya aldosteroni. Tatizo ni kwamba kuna homoni nyingine, kotisoli, ile inayopanda ukiwa na mawazo, nayo ufunguo wake unaingia kwenye kitasa kilekile. Na kotisoli ni nyingi mno kwenye damu kuliko aldosteroni. Ingeachwa tu, ingefungua mlango usiku na mchana. Kwa hiyo Mungu kaweka mlinzi getini, kimeng'enya kinachoivua kotisoli meno na kuigeuza kotisoni, ambayo haiwezi kufungua. Urukususu unamlaza usingizi huyo mlinzi. Kotisoli inaingia na kutoka kama kwao. Chumvi na maji vinabaki mwilini, ndiyo miguu kujaa na presha kupanda, huku potasiamu inamwagika kwenye mkojo. Misuli bila potasiamu ni taa bila mafuta. Na moyo ni msuli.

Vile vidonge vya kukojoza vya zahanati vikazidisha, maana navyo vinafukuza potasiamu. Siwalaumu sana. Hawakuuliza, na sisi hatukusema. Nani anataja kijiko cha asali akiulizwa dawa?

Nilivyorudi nyumbani nikachukua kopo na kijiko chake, nikapima kwenye mizani ya duka la jirani. Kijiko cha chakula kilichojaa, gramu 8. Mara tatu kwa siku, 24. Mzizi unaokubalika kwa dawa Ulaya lazima uwe na glisirizini angalau asilimia 4, kwa hiyo bimkubwa alikuwa anameza si chini ya miligramu 960 kila siku, kwa wiki sita. Kiwango ambacho wataalamu wa Ulaya wanasema mtu mzima asivuke kwa matumizi ya kila siku ni miligramu 100.

Mfamasia wa Zamu:

Mtoa mada umeeleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa chuo. Niongeze kidogo, maana historia ya jambo hili inachekesha.

Mwaka 1946 daktari mmoja wa Uholanzi, Revers, katika mji wa Heerenveen, aligundua wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo wanapona kwa dawa nzito nyeusi iliyochemshwa kutokana na mzizi huu. Akaichunguza kwa makini. Kweli ilisaidia, lakini takriban mmoja kati ya watano alivimba uso na miguu. Yaani kisa cha bimkubwa kiliandikwa kabla hata hajazaliwa. Waingereza baadaye wakatengeneza kidonge kutokana na asidi ileile ya glisiretini, kabenoksoloni, kikatumika kwa vidonda vya tumbo miaka ya 60 na 70. Kikaponya, na kikaleta uvimbe na potasiamu kushuka vilevile. Dawa mpya za kupunguza asidi zilipokuja, kikasukumwa pembeni.

Kwa hiyo Tabibu Mtaa, hoja si kwamba mzizi wako ni wa uongo. Ungekuwa wa uongo usingemlaza mtu wodini. Na hilo la "havina kemikali" naomba tuliache, hata maji ni kemikali.

Halafu wengi wenye vidonda vya tumbo wana bakteria anaitwa H. pylori. Nenda kapime, kuna dawa mseto za wiki mbili zinamuondoa. Kiungulia kukata si lazima kidonda kimepona.

Mtu wa Kwarara:

Assalaam alaykum. Mimi nimesoma Misri miaka minne, na hapa mmenikumbusha mbali.

Ramadhani Cairo, jua linakaribia kuzama, unasikia chang-chang-chang kutoka kichochoroni. Huyo ni muuzaji wa irki sus. Amejifunga birika kubwa mbele ya tumbo kwa mikanda, kiunoni kapanga gilasi, mkononi ana matoazi mawili ya shaba anayagonganisha kwa vidole vya mkono mmoja. Akipata mteja anainama mwili mzima mbele, mrija wa birika unamwaga kinywaji cheusi kutoka juu, povu linajaa gilasi. Na anapiga kelele, "Shifa!" maana yake tiba.

Mama mwenye nyumba wetu alikuwa akikitengeneza mwenyewe. Unga wa urukususu anauweka kwenye sinia, anaunyunyizia maji kidogo pamoja na bikaboneti ileile ya kupikia, anausugua kwa viganja mpaka unakuwa mweusi na kunata. Anauacha kama saa moja. Kisha anaumimina kwenye kitambaa cheupe kilichofungwa juu ya jagi, anapitisha maji baridi juu yake polepole. Kinachodondoka ndicho kinywaji. Siku ya kwanza nilikunywa nikakunja uso, mna uchungu na utamu wa kukwama kooni. Baada ya wiki nikawa mimi ndiye namuuliza leo vipi, hakuna?

Na mumewe alikuwa na presha. Ikifika zamu yake alipewa juisi ya ukwaju. Sikujua kwa nini mpaka leo nasoma uzi huu. Kumbe wenye kinywaji chao wanajua nani asinywe, sisi tumenunua unga bila kununua adabu yake.

Mbeba Boksi:

Mkuu wa Kwarara umemaliza. Huku Uholanzi nilipo ndiyo balaa, peremende nyeusi za mzizi huu zinaitwa drop, kila duka zimejaa, nyingine za chumvi mpaka machozi yanakutoka. Wazee wanakula kama sisi tunavyokula karanga. Nyuma ya pakiti zenye mzizi mwingi kumeandikwa wenye presha wasizidishe, ni sheria ya Ulaya. Nilikuwa nadhani ni maandishi ya kujikinga tu. Nilipoona kisa cha bimkubwa nikaenda kabatini kusoma tena.

Mfamasia wa Zamu:

@Mbeba Boksi hizo pakiti haziandiki bure. Mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts, Marekani, walichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 54, fundi wa ujenzi, aliyekuwa akila pakiti moja na nusu ya peremende hizo kila siku kwa wiki tatu. Alianguka akiwa mgahawani, moyo ukasimama, hakupona. Na mwaka 2024 watafiti wa Linköping, Sweden, waliwapa vijana 28 wazima wa afya miligramu 100 za glisirizini kwa siku, kile kiwango tunachoambiwa kiko salama. Ile namba ya juu ya presha ilipanda kwa wastani wa kama alama 3. Si nyingi kwa kijana. Kwa mtu ambaye tayari ana 150 sipendi hata kufikiria.

Jamaa wa Mbagala:

Haya wakuu, swali wote mnaloliogopa nauliza mimi. Kuna jamaa Kariakoo ananiuzia unga huu kwa ajili ya heshima ya ndoa. Je?

Mfamasia wa Zamu:

😂 Rudisha hela zako. Mwaka 1999 Wataliano waliwapa wanaume 7 gramu 7 za urukususu kwa siku, testosteroni yao, ile homoni ya kiume, ikashuka. Wengine waliorudia jaribio hilo walipata mshuko mdogo zaidi, kwa hiyo usife moyo kama ulishatumia. Lakini kupandisha? Hapana.

Jamaa wa Mbagala:

Nimekaa kimya. Naomba huu mjadala usifike kwa mke wangu.

Binti Kilifi:

Ndugu zangu, mimi niulize kitu. Huku kwetu tulipokuwa wadogo tukikohoa, nyanya alikuwa akituchumia majani ya mturituri tutafune. Nayo ni matamu vivi hivi mnavyoeleza. Je, ndio huo mzizi?

Mtu wa Kwarara:

Hapana dada, siyo huo, ingawa wote ni jamaa wa kunde. Urukususu hauoti kwetu, unatoka nchi kama Iran, Uturuki, Afghanistan, Uzbekistan na kusini mwa Ulaya. Mturituri ni ule wa mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo watoto wanatungia shanga. Majani na mizizi yake ina utamu, ndiyo maana sehemu nyingi watu waliutumia badala ya urukususu. Lakini mbegu zile ni sumu kali mno, haswa ikitafunwa au kusagwa. Nzima ikimezwa ganda lake gumu mara nyingi huipitisha, ila asithubutu mtu kujaribu. Mtu akikuuzia unga wa "urukususu wa kienyeji" na hujui kasaga nini, usiuweke mdomoni.

Binti Kilifi:

Subhanallah. Nyanya alikuwa akizitoa mbegu moja moja na kuzitia motoni, tukilia tunataka shanga. Shukran.

Mke wa Mtu:

Mimi nina ujauzito wa miezi mitano, koo linaniwasha, jirani kaniletea vijiti hivyo nitafune. Mfamasia tafadhali.

Mfamasia wa Zamu:

Vijiti mrudishie kwa upole dada. Yule mlinzi wa getini aliyeelezwa na mtoa mada yupo pia kwenye kondo la nyuma, anamkinga mtoto na kotisoli ya mama. Ufini, ambako wanakula sana peremende hizo, watafiti walifuatilia watoto ambao mama zao walikula nyingi wakiwa wajawazito, na walipofika umri wa kubalehe vipimo vya akili vyao vilikuwa chini kuliko vya wenzao. Nchi hiyo inawashauri wajawazito wakae mbali nao. Wewe sukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu, kunywa asali na ndimu, na koo likizidi wiki nenda kliniki yako.

Tabibu Mtaa:

Sawa, nimesoma yote. Mimi si mtu wa kubishana na birika. Lakini naomba haki itendeke: Mchina anatia gramu chache kwenye mchanganyiko wa mizizi mingine, kwa siku za kuhesabika. Mama alikuwa anaula kama uji. Dozi ya aina hiyo mimi simpi mteja. Swali langu kwa Mfamasia, mtu mwenye kikohozi tu, hana presha, hana kitu, atumie vipi?

Mfamasia wa Zamu:

Hilo ni swali la tabibu, asante. Mtu mzima asiye na presha, asiye na ugonjwa wa moyo, figo au ini, si mjamzito, hatumii dawa za kukojoza wala digoksini (dawa ya moyo): gramu moja na nusu, kama kijiko kidogo cha chai kisichojaa, kwenye kikombe cha maji ya moto, mara mbili kwa siku, siku chache mpaka kikohozi kitulie. Wajerumani waliruhusu zaidi ya hapo lakini wakaweka kikomo cha wiki nne hadi sita, mimi hata hiyo naona ndefu bila daktari. Miguu ikianza kujaa au misuli kukaza, acha siku hiyohiyo.

Kwa koo hata kumeza si lazima. Vienna mwaka 2013 walijaribu kwa wagonjwa 236 wanaokwenda kupasuliwa kifua: nusu walisukutua maji ya urukususu kabla ya kuwekewa mpira kooni, nusu maji ya sukari. Wa urukususu waliamka na koo lisilouma sana kama wenzao. Nusu gramu tu, na unatema.

Upo pia unga uliotolewa glisirizini yake, unauzwa nje kwa watu wa tumbo. Huo haupandishi presha. Huku sijauona dukani.

Mbeba Boksi:

Mtoa mada, bimkubwa anaendeleaje sasa? Na duka ni lipi tulikwepe?

Mwana wa Chumbageni:

Anaendelea vizuri alhamdulillahi. Walimpa potasiamu kwa dripu na kidonge cha kuzuia ule mlango wa figo. Presha haikushuka siku ileile, ilichukua kama wiki tatu, wanasema mlinzi akilazwa usingizi hivyo haamki haraka. Alipimwa H. pylori, akakutwa naye, akamaliza dozi. Sasa hana kiungulia na hana unga. Ila analalamika kwamba chai haina ladha tangu aache.

Duka sitaji, maana muuzaji hakufanya ubaya wa makusudi, aliuza alichoulizwa. Nilikwenda kumwona. Nilitegemea atanikaripia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili kuhusu ile birika, halafu akachukua kalamu nene akaandika kwenye kopo la urukususu: SI KWA MWENYE PRESHA. Akaniuliza na wajawazito je? Nikamwambia nao. Nafasi ilikuwa imeisha, akaandika kwenye kifuniko.